Kutoka Vidonge hadi Insulini: Uamuzi wa Tiba ya Kisukari Masasi na Newala

Kuhama kutoka vidonge kwenda insulini ni uamuzi wa kitabibu unaomhusu hasa mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili, ambaye sukari yake ilikuwa ikishikika kwa vidonge na mpangilio wa chakula, kisha ikaanza kupanda. Uamuzi huo hutegemea mambo manne: namba za sukari, sababu iliyozipandisha, hali ya viungo vingine vya mwili, na uwezo wa nyumba kutunza dawa, kupima na kula kwa wakati. Mwenye kutazama namba peke yake anaweza kumpa sindano mtu aliyeishiwa vidonge tu. Mwenye kungoja mgonjwa azidiwe kwanza anaweza kumpa sindano wakati kidonda cha mguu kimeshafika mfupani.

Mahali na ugonjwa

Newala iko juu, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde unaotazama bonde la mto Ruvuma. Masasi iko magharibi, chini ya uwanda, katikati ya milima ya mawe. Wilaya zote mbili ni za mkoa wa Mtwara, na watu wake, Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa wingi, hutegemea korosho kwa fedha na muhogo kwa chakula. Huduma ya kisukari huanzia zahanati na vituo vya afya, hupanda hadi hospitali za wilaya, ikiwemo Mkomaindo mjini Masasi, na Hospitali ya Mtakatifu Benedikto iliyo Ndanda, kwenye misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa 1906. Juu yake ipo Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Mtwara mjini, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo.

Kwa muda mrefu kisukari kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa mjini na wa wenye nacho. Utafiti wa Donald McLarty na wenzake, uliochapishwa 1989, ulikuta chini ya asilimia 1 ya watu wazima katika vijiji vya Tanzania wana kisukari. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ulikuta asilimia 9.1 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo mbili zilipima makundi tofauti kwa njia tofauti, lakini mwelekeo wake uko wazi: wagonjwa wameongezeka, na wengi wao huanza na vidonge. Kadiri miaka inavyopita, ndivyo wanaofikia swali la insulini wanavyozidi kuwa wengi.

Kwa nini vidonge hufika kikomo

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Kazi yake ni kuiwezesha sukari iliyo kwenye damu kuingia katika misuli na mafuta, na kulizuia ini lisimwage sukari ya akiba ovyo. Katika kisukari cha aina ya pili, mwili huanza kwa kuikataa insulini hiyo. Kongosho hujibu kwa kutengeneza nyingi zaidi, hadi seli zake zinapochoka. Utafiti mkubwa wa Uingereza, uliowafuatilia wagonjwa wapya kuanzia 1977 na kutoa matokeo yake makuu 1998, ulikadiria kwamba siku mtu anapogundulika, uwezo wa seli hizo umeshapungua kwa karibu nusu. Uliendelea kupungua mwaka hadi mwaka, hata kwa waliokuwa wakitumia dawa.

Vidonge viwili ndivyo vinavyobeba wagonjwa wengi. Metformini hulipunguzia ini kasi ya kutoa sukari na kuusaidia mwili kuipokea insulini yake. Haichoshi kongosho, na ikitumika peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi, pamoja na ndugu zake gliklazidi na glimepiridi, huikamua kongosho itoe insulini zaidi. Kundi hili la pili hufanya kazi pale tu kongosho ingali na kitu cha kutoa. Kikiisha, kuongeza kidonge juu ya kidonge hakuleti tofauti. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kufuata kila sharti kwa miaka kumi na bado vidonge vikamshinda. Huo ni mwenendo wa ugonjwa, na kumlaumu kwa uzembe humfanya afiche namba zake kliniki.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018 kwa nchi zenye uwezo mdogo, liliweka mpangilio huu: metformini kwanza, kundi la glibenklamidi la pili, insulini ya binadamu hatua ya tatu, pale viwili vya kwanza vinaposhindwa. Mwongozo huo ulipendelea insulini ya binadamu kuliko aina mpya za bei kubwa, kwa kuwa kwa wagonjwa wengi wa aina ya pili faida ya ziada ya hizo mpya ni ndogo ikilinganishwa na gharama.

Namba zinazoamua

Mashine nyingi za Tanzania husoma sukari kwa milimoli kwa lita. Mtu mzima anayetibiwa hulengwa awe kati ya 4.4 na 7.2 asubuhi kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya chakula. Kipimo kimoja cha 14 baada ya sherehe ya unyago hakimhamishi mtu. Kinachohamisha ni mfululizo: asubuhi kadhaa juu ya lengo, kwa wiki kadhaa, dozi za vidonge zikiwa zimeshafika juu.

Kipimo cha HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu. Asilimia 7 ni sawa na wastani wa takriban 8.6; asilimia 8 ni 10.2; asilimia 10 ni 13.4. Lengo la kawaida ni kukaribia 7. Mgonjwa anayetumia vidonge viwili kwa dozi kamili, na HbA1c yake imebaki juu ya lengo alilowekewa kwa miezi mitatu hadi sita, ameshafika mahali pa kuzungumzia insulini. Ikizidi 10, au sukari ikifika 16.7 na zaidi huku mtu akikonda, akikojoa sana na kuwa na kiu isiyokatika, insulini huanzishwa bila kungoja miezi hiyo.

Kipimo hiki kina mtego mmoja unaohusu sana ukanda wa kusini. HbA1c husomwa kwenye chembe nyekundu za damu. Mtu mwenye selimundu, aliyeongezewa damu karibuni, au ambaye chembe zake zinavunjwa na malaria, anaweza kuonekana na namba nzuri kuliko hali yake halisi. Upungufu wa damu unaotokana na ukosefu wa madini ya chuma waweza kuipandisha namba bila sukari kupanda. Kwa watu hao daftari la vipimo vya asubuhi na vya baada ya kula huaminika zaidi.

Kabla ya kusema vidonge vimeshindwa

Swali la kwanza ni kama vidonge vinamezwa. Mkulima aliyeishiwa fedha mwezi wa nne, kabla ya korosho, anaweza kugawa dozi ya siku moja kwa siku mbili. Mwingine ameacha metformini kwa sababu inamharisha, na anaona haya kusema. Tatizo hilo mara nyingi hupungua kwa kuanza na dozi ndogo, kumeza katikati ya chakula, na kupanda polepole hadi miligramu 2,000 kwa siku.

Swali la pili ni chakula kipya. Msimu wa mabibo, kuanzia mwezi wa tisa, matunda huliwa shambani, juisi hunywewa nyumbani, na uraka, pombe ya mabibo, hupikwa. Sukari inayopanda kwa miezi hiyo na kushuka baada yake inaeleza msimu zaidi ya kongosho.

Swali la tatu ni dawa nyingine. Rifampisini ya kifua kikuu huharakisha ini kuivunja glibenklamidi, hivyo nguvu yake hupungua. Dawa za jamii ya predinisoloni hupandisha sukari. Dolutegraviri, inayotumiwa na wanaoishi na VVU, huongeza metformini kwenye damu, hivyo dozi ya metformini kwa kawaida huzuiwa isizidi miligramu 1,000 kwa siku. Mgonjwa wa namna hiyo hufika kikomo cha vidonge mapema kuliko wenzake.

Swali la nne ni maambukizi yaliyojificha: jipu, jino bovu, njia ya mkojo, kidonda kati ya vidole vya mguu, kifua kikuu. Kisukari huongeza hatari ya kifua kikuu takriban mara tatu, na kifua kikuu nacho hupandisha sukari. Mgonjwa anayekohoa na kukonda apimwe makohozi kabla ya kukonda kwake kuhesabiwa kuwa ni kisukari peke yake.

Hali zisizosubiri

Yapo mazingira ambayo maswali hayo hufuatwa huku sindano ikiwa imeshachomwa. La kwanza ni asidi ya ketoni kwenye damu, ambayo dalili zake ni kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa kina na kwa haraka, na pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva mno. Hii ni dharura ya hospitali, na dripu ya maji huja kwanza pamoja na insulini. La pili ni mtoto, kijana au mtu mwembamba aliyekonda ghafla. Huyu huenda ana kisukari cha aina ya kwanza. Kumpa vidonge ni kumpotezea siku ambazo hana.

La tatu ni ujauzito. Pale chakula na mazoezi yasipotosha, insulini ndiyo dawa inayopendelewa. Metformini hutumika mahali pengine, lakini hupita kwenye kondo la nyuma, na glibenklamidi haifai kuwa chaguo la kwanza. La nne ni figo au ini lililoharibika. Metformini huachwa kazi ya figo ikishuka chini ya mililita 30 kwa dakika, na glibenklamidi huwa hatari mapema zaidi kwa sababu hukaa mwilini na kuishusha sukari kwa zaidi ya siku nzima. La tano ni upasuaji mkubwa, maambukizi makali na kidonda cha mguu kinachooza, ambapo vidonge haviwezi kufuata kasi ya mwili.

Namna ya kuanza

Njia nyepesi ni sindano moja usiku ya insulini ya muda wa kati, ile ya rangi ya maziwa. Huanzwa kwa yuniti 10, au yuniti 0.1 hadi 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Mgonjwa hupima asubuhi kabla ya kula. Namba zikibaki juu, dozi huongezwa yuniti 2 kila baada ya siku tatu hadi lengo lifikiwe. Sukari ikishuka mno bila sababu, dozi hupunguzwa kwa asilimia 10 hadi 20. Metformini huendelea, kwa kuwa hupunguza kiasi cha insulini kinachohitajika na kuzuia unene. Glibenklamidi hupunguzwa au huachwa.

Njia ya pili ni insulini mchanganyiko ya asilimia 30 kwa 70, ambayo wengi huiita Mixtard. Huchomwa mara mbili, nusu saa kabla ya kifungua kinywa na kabla ya chakula cha jioni, na kwa kawaida theluthi mbili za dozi huwa asubuhi. Inawafaa wanaokula kwa saa zilezile kila siku. Kwa mtu ambaye chakula chake cha jioni hutegemea atarudi saa ngapi kutoka shamba, sindano moja ya usiku ni salama zaidi kuanzia.

Insulini ya chupa ina yuniti 100 kwa kila mililita, na bomba lake lazima liwe limeandikwa yuniti 100. Bomba la kawaida la mililita huzaa makosa ya dozi. Chupa ya rangi ya maziwa hubiringishwa viganjani mara kumi bila kutikiswa. Sehemu za kuchoma ni tumbo na mapaja, na kila siku nukta hubadilishwa, kwani kuchoma palepale huleta uvimbe unaoizuia dawa kuingia sawasawa.

Chakula, kazi na sukari kushuka

Hatari kuu ya insulini ni sukari kushuka chini ya 3.9. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Tiba yake ni vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari ndani ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida yenye sukari. Pima tena baada ya dakika 15, rudia ikibidi, kisha ule. Aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na apelekwe kituo cha afya.

Maisha ya uwanda yana sababu zake za kushusha sukari. Palizi ya mkorosho na kupuliza salfa ni kazi za nguvu zinazoanza alfajiri, na misuli inayofanya kazi hunyonya sukari kwa saa nyingi baadaye. Anayechoma asubuhi ale kabla ya kutoka, abebe kipande cha muhogo au ndizi, na kwa siku za kazi nzito apunguziwe dozi kwa maelekezo ya kliniki. Uraka na gongo hulizuia ini kutoa sukari ya akiba, na dalili za kushuka hufanana na ulevi, hivyo mtu huachwa alale akidhaniwa amelewa.

Ugali wa muhogo una wanga mwingi na protini kidogo sana. Kuhamia insulini hakumpi mtu ruhusa ya sahani kubwa, wala hakumlazimu kuacha chakula cha nyumbani kwao. Kinachotakiwa ni kiasi kile kile kila siku, kikiambatana na mbaazi, choroko, kisamvu, samaki au korosho chache. Kwa Waislamu, mfungo wa Ramadhani ujadiliwe kliniki wiki sita hadi nane kabla. Aliyeanza insulini karibuni, aliyewahi kuzimia kwa sukari kushuka na mjamzito hushauriwa wasifunge. Aliyeruhusiwa hubadilishiwa dozi na saa, akapima mchana bila kuhofia mfungo wake, na akafungua mara sukari inaposhuka chini ya 3.9.

Kutunza dawa nyumbani

Chupa isiyofunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, bila kuganda. Iliyofunguliwa hukaa wiki nne nje ya jokofu, mahali penye kivuli. Kaya nyingi hazina jokofu, na hapo chungu kinasaidia. Chungu kidogo huwekwa ndani ya kikubwa, kati yake hujazwa mchanga uliolowanishwa, na chupa hukaa ndani ikiwa kwenye kopo lililofunikwa. Maji yanapokauka kupitia udongo huondoka na joto. Ufinyanzi ni kazi ya siku nyingi ya wanawake wa Kimakonde, na maji yanayohitajika ni kidogo, jambo lenye uzito Newala, ambako maji yamekuwa yakipandishwa kwa mitambo kutoka bondeni tangu mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950.

Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa 2021, ulifuata joto halisi la nyumba katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kaskazini mwa Kenya. Uligundua kwamba insulini iliyokaa kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne ilibaki na nguvu sawa na iliyohifadhiwa kwenye baridi. Kwa hiyo kukosa jokofu nyumbani si sababu ya kutosha ya kumnyima mtu insulini. Akiba ya miezi mingi ibaki kwenye jokofu la kituo, na mgonjwa achukue ya mwezi.

Gharama, umbali na kalenda ya korosho

Chupa moja ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Anayetumia yuniti 20 kwa siku hutumia 600 kwa siku 30. Zinazobaki humwagwa kwa kuwa wiki nne zimeisha. Ni chupa moja kwa mwezi. Anayetumia yuniti 40 hutumia 1,200, yaani huvuka chupa ya kwanza. Hesabu hiyo, pamoja na mabomba, vijiti vya kupimia na nauli, ifanywe mbele ya mgonjwa kabla ya kuanza. Barabara ya Mtwara, Newala hadi Masasi ina urefu wa kilomita 210, na safari ya kufuata dawa iliyoisha wilayani inaweza kula fedha kuliko dawa yenyewe.

Minada ya korosho huanza Oktoba. Fedha huingia kwa miezi michache, kisha hukatika. Insulini haiwezi kununuliwa ya mwaka mzima na kuwekwa ndani kama magunia. Kinachoweza kufanywa msimuni ni kulipa bima, kununua mashine ya kupimia pamoja na vijiti vyake, na kutenga fedha za miezi ya ukame. Mwenye namba zinazopanda polepole anaweza kupanga kuanza wakati huo. Mwenye dalili nzito hasubiri mnada.

Hofu ya sindano

Wengi husita kwa sababu wamemwona jirani akianza sindano, kisha akakatwa mguu au akafa, wakahitimisha kuwa sindano ndiyo iliyomaliza. Mfuatano huo una maelezo: jirani alianzishiwa insulini akiwa ameshachelewa, mishipa na figo vikiwa vimeharibika. Wengine huogopa kwamba ukianza huachi. Kwa aina ya kwanza ni kweli. Kwa aina ya pili si lazima iwe hivyo. Aliyeanzishwa kwa sababu ya maambukizi, upasuaji au sukari ya juu mno anaweza kurejeshwa kwenye vidonge hali ikitulia, kwani sukari kubwa yenyewe huipumbaza kongosho, na ikishushwa baadhi ya nguvu zake hurudi. Mama aliyepata kisukari cha ujauzito mara nyingi huacha baada ya kujifungua, akapimwa tena wiki 6 hadi 12 baadaye.

Wapo pia ambao kuhamishwa hakuwafai. Mzee wa miaka themanini anayeishi peke yake, asiyeona vizuri namba za bomba na hana wa kumpikia kwa wakati, anaweza kuwekewa lengo la HbA1c la asilimia 8 au zaidi kidogo na kubaki kwenye vidonge salama, maadamu hana kiu, hakondi na hakojoi usiku kucha. Kwake sukari kushuka ni hatari ya karibu kuliko madhara ya miaka kumi ijayo. Akiwepo mjukuu aliyefundishwa kuvuta dozi na kupima, hesabu hubadilika.

Anayehamishwa ipasavyo hutoka kliniki akiwa na kadi yenye mambo sita: sababu ya kuanza, jina la insulini na dozi, vidonge vinavyobaki na vilivyoachwa, lengo la asubuhi, afanye nini sukari ikishuka au akiugua, na tarehe ya kurudi ndani ya wiki mbili. Kadi hiyo humwezesha mganga wa zahanati ya kijijini kuendeleza tiba iliyoanzishwa Ndanda au Ligula, na humwezesha mgonjwa kujua ni lini dozi itaangaliwa upya.